Mutoto Mwenye Anaombea Batu mu Kiebrania

Madame Lina, directrice, mukubwa wa shule, hakuzungusha maneno. Alisimama mu réfectoire, chumba ya kula, katikati ya viti bidogo bya batoto, akasema: kama mwisho wa mwezi ya tano batoto habaongezeke, septembre mlango haitafunguka. Basi. Bazazi bakabakia kumuangalia. 

Ile masomo, shule kidogo tu, iko mu Forest, commune moja ya Bruxelles, nyuma ya maghala, ma-entrepôts. Asubui batoto banasoma kila kitu mu Kiebrania: hesabu, rangi, nyimbo, mpaka kuomba ruhusa ya kwenda ku choo. Kisha midi, saa sita ya mchana, kila kitu mu Français. Na haiko masomo ya dini! Madame Lina anarudiliaka kila mwaka: "Hapa tunafundisha luga. Sala mutafanya kwenu ku nyumba." Mwanzo bantu balipenda. Kisha vita ya kule mbali, ya Israel, ikafanya polisi ianze kusimama ku mlango na bunduki, na famille moja moja zikaanza kutoka. Mwalimu moja akaenda. Mwingine akaenda. Sasa darasa ya première na ya deuxième banafinyana mu chumba moja.

Papa ya Noé njo alisimama wa kwanza, muzungu murefu mwenye manteau ya mvua.

"Kila asubui mutoto yangu anapita mbele ya bunduki juu ya kwenda kujifunza rangi. Mama yake halale tena. Sisi tunatoka, mutusamehe."

Maman moja Muyahudi mbele akageuka, macho mekundu. "Kwenu ni rahisi. Nyanya yangu aliificha hii luga maisha yake yote, aliisema jikoni tu, polepole. Mimi nilitaka mutoto yangu aipige kelele. Sasa nimupeleke wapi?"

Papa ya Noé akafunga manteau yake, akatoka.

Kule nyuma, karibu ya radiateur, kulikaa Bertin na Viviane. Bacongolais, bakristo, ba Bukavu. Utaniuliza: balikuwa banatafuta nini mule? Bon, sikia.

Mutoto yabo anaitwa Graciella. Ku nyumba Kiswahili, ku masomo ya kwanza, kule Anderlecht, Français. Yeye katikati akanyamaza. Akakuwa mutoto wa kuangalia tu. Siku moja madame moja akakuja na bi-carte bya picha, akamuuliza, akaandika, akaita bazazi, akabaambia kwa sauti muzuri kabisa: "spécialisé." Ile neno, Mucongolais yote wa Bruxelles anaijua: masomo ya pembeni, ya batoto benye banasemwa habaelewe. Kuingia mule ni mulango munene, kutoka ni tundu ya sindano. Bertin alikuwa angali anafanya kazi ku usine, kiwanda ya magari ya Forest, kabla ifunge. Kila siku bus ilikuwa inamupitisha mbele ya ile masomo ya Kiebrania. Akashuka siku moja, akapiga sonnette.

Na mule, fikiria, hakuna mutoto alijua neno ya Kiebrania! Bazungu, Bacongolais, Bamaroc, Bayahudi wenyewe, bote zéro, bote midomo wazi. Kwa mara ya kwanza Graciella hakukuwa nyuma ya mutu. Kabla Krismasi ifike alikuwa anasema. Mwaka uliofuata alikuwa anashika mukono ya bale bapya, anabaonyesha kila kitu kinaitwa nini. Na Français nayo ikafunguka, hata Kiswahili ikafunguka, mpaka Bertin akawa anaomba: "Gra, nyamaza kidogo papa asikie journal ya télé."

Alors, masomo ikifunga, Graciella anarudia Anderlecht na dossier yake, faili ya yule madame wa bi-carte, na ndani ya dossier ile neno ingali inamungojea.

"Tumuondoe mule sasa," Bertin akasema mu tram ya kurudia. "Tutafute place kabla bengine bafikirie."

"Place ya wapi, papa Gra? Banafungua dossier, banasoma, banasema c'est complet, hakuna nafasi. Tulisha fanya ile safari."

"Sasa utafanya nini? Utazaa batoto ba kujaza masomo?"

Viviane akacheka kidogo. Kisha akaacha kucheka. "Batoto beko," akasema. "Batoto beko mingi mu kanisa."

*

Kanisa yabo iko mu Anderlecht, mu entrepôt ya zamani, chauffage, mashine ya kuleta joto, inalia kuliko orchestre. Dimanche, siku ya ibada, Viviane akaomba micro ya ushuhuda. Akasema mutoto wake, mwenye balisema ni bubu, leo anasema luga ya Yesu.

Yesuuu! Ungesikia. Batu balisimama. Pasta Désiré akateremuka ku estrade. "Leta mutoto! Aombe! Tusikie vile Yesu alikuwa anasemaka!"

Graciella akapandishwa, robe ya rose, miaka saba, micro munene kuliko mukono yake. Akainamia mama yake.

"Maman, sijue sala."

"Sema kitu."

"Kitu gani?"

"Yoyote yenye mwalimu alikufundisha. Sema tu, chérie, banakungojea."

Akafunga macho. Akaimba, sauti kidogo, safi: mayim, yadayim... Mistari kama ine. Bamaman bakaanguka chini. Pasta Désiré akalia machozi ya kweli, akasema mu micro: "Bandugu! Sala zetu zinapita mu Français, mu Lingala, mu Kiswahili, zinafanya correspondance, zinabadilisha tram njiani! Hii inafika direct!"

Mu tram Viviane akauliza: "Gra, ulisema nini?"

"Ya kunawa mikono mbele ya kula. Maji, sabuni, katikati ya vidole, kisha kupanguza."

Bertin akacheka mpaka akashikilia chuma. Kisha akaangalia bibi yake, akaona yeye hacheke.

"Vivi. Utabaambia?"

"Kwani kuna mubaya gani? Balifurahi."

Video ilizunguka mu ma-groupe yote ya WhatsApp. Na kweli, mambo ikatembea! Bamaman bakaanza kumupigia Viviane: ile masomo iko wapi, bus gani, na Bakristo banakubaliwa? Mardi moja akapeleka famille mbili kwa Madame Lina, vendredi tatu. Madame Lina hakuamini macho yake.

Lakini muntu haandikishe mutoto bure, anataka aone kwanza. Kila dimanche, kisha culte, ile ibada, Graciella anawekwa ku kiti mbele, batu banafanya mustari. Papa mwenye anangojea documents ya kukaa Bulaya akapata siku za juma, dimanche mpaka samedi. Mwenye mugongo inauma akapata hali ya hewa: leo iko mvua, kesho iko jua. Bibi harusi moja akapata rangi. Bote "amina, amina". Graciella alikuwa anafanya vizuri, kama vile anafanyaka ku masomo na bale bapya. Lakini ku nyumba akaanza kuuliza.

"Maman, yule mugongo yake ilipona?"

"Ndiyo, mama."

"Sababu ya mvua?"

"Kula."

*

Maman Mignonne alikuwa mama ya kanisa nzima. Muntu wa Uvira, mwili munene, kicheko munene, kila kilio ni yeye anapika sombe, majani ya muhogo. Ugonjwa ya sukari ilikuwa naye tangu zamani, na infirmière, muuguzi wake, alimuachia sindano za insuline za kujichoma mwenyewe. Ile dimanche akapiga magoti mbele ya kiti. Yeye, mutu mzima, mbele ya mutoto wa miaka saba.

"Mwanangu, hii sukari imenichosha. Sema na Baba yako wa mbinguni."

Graciella akaweka mukono ku kitambaa yake ya kichwa. Akamuimbia ile ya kwanza, ya kunawa mikono, sababu njo alikuwa anaipenda sana.

Dimanche yenye ilifuata, maman Mignonne akachukua micro. Akacheza kwanza! Akazunguka estrade yote.

"Muniangalie! Tangu lundi, leo siku ya saba, sijachoma sindano! Nilizitupa zote mu poubelle, mu takataka, mu sac ya bleu!"

"Maman, sindano haiingie mu bleu, ile ni ya chupa!" kijana moja akapiga kelele nyuma, na kanisa yote ikakufa kucheka.

"Nyamaza wewe, hata commune haina amri juu yangu leo! Nimepona! Na bajukuu zangu batatu, batoto ba binti yangu Laetitia, bataingia mu ile masomo, banitolee sala mu nyumba kila siku!"

Makofi. Vigelegele. Ngoma.

Na Viviane? Viviane ni aide-soignante, musaidizi wa bagonjwa, mu home ya bazee kule Ganshoren. Kila siku ya kazi anapima sukari ya bazee, anaita infirmière kama namba inapanda. Kama kuna mutu mu ile entrepôt mwenye alijua ile maneno inamaanisha nini, ni yeye. Na mikono yake ilipiga makofi. Bertin alikuwa pembeni, aliiona ile mikono.

Batoto batatu. Pamoja na bale bengine, hesabu ya Madame Lina inafika.

"Ulisikia?" Bertin akamuuliza ku nyumba.

"Nilisikia."

"Na wewe njo aide-soignante."

"Papa Gra, vendredi Laetitia anaandikisha. Nikimuambia mama yake leo, anakasirika, kanisa inakasirika, bote banatoka. Acha vendredi ipite. Samedi asubui, kesho yake, niko kwa maman Mignonne mimi mwenyewe, na appareil ya kupima."

"Na kama samedi ni mbali?"

"Kuna wengine banakaa bila sindano wiki mbili. Niliona."

Alikuwa hajaona. Bertin alijua hajaona. Lakini yeye pia njo alipiga ile sonnette mu Forest, yeye pia njo alimusikia mutoto wake akisema kwa mara ya kwanza. Akawasha télé.

Mercredi, siku mbili kabla ya vendredi, Viviane hakuweza kungojea. Kisha kazi akapanda metro, akaenda kwa maman Mignonne, appareil ya kupima mu sac. Akamukuta ku fauteuil, mbele yake chupa za maji, zingine tupu, zingine nusu. Uso ilikuwa imepungua. Anapumua kama mutu mwenye amepanda ngazi, na yeye amekaa tu.

"Karibu, maman Gra! Nipe ile chupa pale. Ninakunywa, ninakunywa, ni kama niko jangwani. Ni moto ya Roho, sindiyo?"

Viviane akainama kumusalimia, shavu kwa shavu. Mu kinywa ya yule mama kulitoka harufu ya matunda yenye imeoza, tamu-tamu. Ile harufu, ya sukari yenye imepanda mpaka inaua, ku Ganshoren ukiisikia unakimbia. Hautembee, unakimbia.

"Maman, tupime tu kidogo. Dakika moja."

"Kupima nini?"

"Sukari."

Maman Mignonne akamuangalia murefu. Hakukasirika, na hiyo njo ilikuwa mubaya. "Wewe mwenyewe, mama ya mutoto? Unataka kumupima Mungu? Wewe?" Akacheka, akakunywa. "Nilimuambia Laetitia: vendredi uandikishe bale batoto, ukikataa, mimi siko tena mama yako. Hataki, yule. Anasema bunduki ku mlango, anasema ni mbali. Nikimuonyesha hata kidogo kama nina mashaka, ameruka."

Mukono ya Viviane ilikuwa ndani ya sac, juu ya appareil. Ikabakia mule.

"Ukunywe maji sana, maman," akasema.

"Si unaona nakunywa?"

Mu ngazi akashika téléphone. Namba ya ambulance iko na tarakimu tatu tu, mutoto anaijua. Akaangalia écran mpaka ikazima peke yake. Akaenda kumuchukua Graciella kwa jirani.

*

Vendredi Laetitia akakuja, batoto batatu nyuma yake, sura imefungwa. Akaandikisha. Madame Lina akalia, akamukumbatia Viviane mbele ya bantu bote, akasema bila yeye masomo ilikuwa imekufa. Viviane naye akamukumbatia Laetitia, nguvu, murefu, mpaka Laetitia akashangaa: "Maman Gra, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ni furaha."

Samedi asubui, wakati anafika mu avenue ya maman Mignonne, ambulance ilikuwa imesha fungua milango. Bakamuweka mu coma mu hôpital, na mule njo akakufia, hakuamuka hata kuaga.

Kilio ilifanyika mu salle ya kukodisha, viti bya plastiki, picha yake munene mbele, na kwa mara ya kwanza sombe ilipikwa na mutu mwingine, na bote balisikia mu kinywa. Pasta Désiré akasema Bwana alimupenda, akamuita. Na pale ku meza ya chakula, bamaman babili balikuwa banaongea:

"Lakini alikuwa amepona!"

"Ma chère, labda alichoma sindano moja mu kujificha. Alikosa imani. Njo maana."

"Na bale bajukuu?"

"Bataenda ku ile masomo. Laetitia anasema ni neno ya mwisho ya mama yake, hawezi kuivunja."

Viviane alikuwa nyuma yabo na sahani mu mukono. Alisikia kila kitu. Unaona? Hakuna mwenye alimushitaki. Hesabu ya Madame Lina ilikuwa mzima. Angeweza kunyamaza mpaka septembre, mpaka mwisho, na Graciella angekaa.

Sasa mama moja kijana akakuja, baby mu mukono, baby moto-moto, macho inageuka. Akapita katikati ya viti moja kwa moja mpaka kwa Graciella. "Chérie, tangu jana homa haishuke. Muombee. Ya Kiebrania."

Graciella akaficha mikono nyuma. Akarudi, akarudi, mpaka mugongo ukagusa mama yake.

"Maman, umuambie."

"Nimuambie nini?"

"Ile nilisemaka." Sasa alikuwa analia, bila sauti. "Nilimuimbia maman Mignonne ya mikono. Hakupona. Umuambie mimi sijue."

Yule mama kijana alikuwa anangojea, akimunyooshea Graciella baby kama sahani. Viviane akaangalia picha kule mbele. Akaweka chini ile chakula.

"Peleka mutoto ku hôpital," akasema.

"Pardon?"

"Ku hôpital, sasa! Bertin, mupeleke na gari ya pasta, uende!" Na vile salle ilikuwa imegeuka kumuangalia, akaendelea, hakuhitaji micro. "Graciella hajue sala. Ku ile masomo habafundishe sala. Ile aliimba, ni ya kunawa mikono. Zingine ni rangi. Ni mvua na jua. Nilijua tangu siku ya kwanza."

Pasta Désiré akainua mukono: "Maman Viviane, ni huzuni, kaa chini..."

"Sijamaliza. Mercredi nilikuwa kwa maman Mignonne. Nilisikia harufu mu kinywa yake. Ni kazi yangu, ile harufu. Appareil ilikuwa mu sac yangu. Sikuitoa."

 Laetitia akatoka mbele, karibu ya picha, pagne nyeusi inaburuta. Akakuja polepole. Batu bakafikiri atapiga. Hakupiga.

"Mercredi," akasema.

"Ndiyo."

"Na vendredi ukanikumbatia."

 Laetitia akakamata batoto bake batatu, moja kwa mukono, babili kwa nguo, akabapeleka mbali na Graciella, upande mwingine wa salle, kama vile unaondoa batoto ku barabara.

*

Famille za kanisa zilitosha batoto mu masomo, mu siku kidogo tu zilienda zote. Moja ilituma audio ya matusi, zingine hazikutuma kitu. Madame Lina akapiga simu. Hakuuliza sana. Alisema tu: "Nilifikiri balipenda luga." Viviane akasema pardon, na upande ule ikakatika. Juin masomo ikafunga, bakaondoa plaque ya jina ku mlango. Polisi nayo ikaenda.

Yule baby alipona, ilikuwa infection mu sikio. Hakuna mutu wa kanisa alikuja kubaambia. Bertin aliona picha yake mu statut ya WhatsApp ya mutu.

Commune ya Anderlecht ilifungua dossier ya Graciella na kusoma. Wala habakusema c'est complet: balipata place haraka sana, mu masomo ya ile neno, spécialisé, na minibus ya kukuja kumukamata ku mlango. Graciella alikuwa amerudia kuwa mutoto wa kuangalia. Ku chakula anaonyesha na kidole.

Siku ya kwanza ya rentrée, masomo ikifunguka septembre, mvua kidogo, Viviane na yeye banangojea ku trottoir. Bertin alikuwa ku kazi, mu entrepôt mpya, hakupata ruhusa. Ng'ambo ya barabara maman moja wa kanisa akapita na poussette, gari ya baby, akageuza uso, akaangalia vitrine ya pharmacie yenye ilikuwa ingali imefungwa.

Minibus ikageuka ku kona. Graciella akavuta manteau ya mama yake. Ilikuwa siku mingi hajamuvuta.

"Maman. Kule nitaombea batu?"

"Hapana. Hakuna mutu utaombea."

"Na nikisema kitu, hakuna mutu atakufa?"

"Hakuna, mama."

"Hata nikisema kwa sauti munene?"

Chauffeur alikuwa amesha teremuka, anafungua mulango, anachekelea, anamuuliza jina yake mu Français. Viviane akamuangalia mutoto wake, akangojea. Chauffeur naye akangojea. Kisha chauffeur akaangalia mu karatasi yake, akasoma jina yeye mwenyewe, akamukalisha Graciella ndani na akamufunga mukanda.